Mililita Mbili na Nusu

Mimi ni fundi. Tepi iko shingoni tangu saa mbili asubuhi,
ya manjano, imefutika pale kwenye sitini,
lakini vidole vyangu vinaijua sitini.
Sijawahi kukata kitambaa cha mtu kwa macho.

Kiboriloni, siku ya kufungua belo,
vumbi la makoti ya watu tusiowajua
linapanda juani kama unga wa mashine,
na Anaeli, miaka minne, chini ya cherehani,
anapiga chafya mpaka anakaa kitako.
Jioni mgongo umeumuka mabaka,
mekundu, mapana, ya kuhamahama:
ukilitazama hili, lile limeshahama.

Daktari akaandika. Duka la dawa, Majengo,
Nsia akaitikisa chupa, akatoa kikombe
kidogo kama kizibo cha soda, chenye mistari.
"Hapa," akasema, ukucha kwenye mstari.
"Mbili na nusu. Asubuhi, na usiku.
Na ile ya mafua mliyo nayo nyumbani, iacheni;
ndani yake yumo ndugu wa hii."
Nikaitikia ndiyo, ndiyo.
Nilikuwa nawaza zipu ya gauni la Mama Urio.

Siku ya tatu kikombe kikapotea.
(Kilikuwa bandani. Anaeli aliwanyweshea vifaranga.)
Nikachukua kijiko. Kijiko si kijiko?
Saa nne asubuhi mtoto amelala,
mdomo wazi, uji unapoa,
nami nikajisifu: dawa inafanya kazi.

Siku iliyofuata ikawa zamu yangu. Macho yanawasha,
pua inataka kuchuruzika juu ya satini ya watu.
Nikafungua chupa ya mwanangu, nikapiga funda.
Tamu! Kumbe ndiyo maana hulamba mpaka kidole.
Saa nane mchana cherehani ilikuwa inakwenda,
miguu inakanyaga, kichwa kimeshaondoka,
sindano ikapita kwenye ukucha wa shahada
na uzi wake, mweupe, namba arobaini.
Mshono mmoja.
Ulionyooka kuliko yote ya wiki ile.

Nikarudi kwa Nsia, kidole ndani ya kipande cha kitenge.
Hakunigombeza. Aliuliza tu,
"Mtoto unampimia na nini?"
"Kijiko."
"Kipi?"

Usiku umeme ukakatika. Nikawasha mshumaa,
nikavipanga mezani vijiko vyote vya nyumba hii:
cha chai, cha sukari,
kilichopinda kwa kukwangua ukoko,
na kile cha harusi ya mama, kizito, chenye maua mpinini.
Nikajaza maji, kimoja kimoja,
nikamimina ndani ya kikombe chenye mistari.
Tatu.
Nne na kitu.
Sita.
Cha harusi ya mama, nilichokuwa nakitumia: saba.

Nikakaa pale mpaka nta ikagusa kitambaa cha meza.
Mimi, niliyefumua gauni zima la Mama Urio
kwa sababu ya nusu inchi.

Sasa kikombe kinalala kwenye kopo la vifungo,
chupa iko juu ya kabati, asipofika hata akipanda stuli.
Mkunde wa nyumba ya pili alikuja: wake naye anajikuna,
nimgawie kidogo tu, cha kulalia.
Nikampa kiti, nikampa chai, chupa sikumpa.
Nikamwambia, dada, hili si vazi la kuazimana,
limekatwa kwa kipimo cha huyu.
Alinuna hadi Jumapili. Jumatatu akaenda zahanati.

Na juzi nilisahau ya asubuhi.
Usiku mkono ulitaka kumimina mbili, ulipe deni.
Nikauzuia. Mwili hautiwi viraka vya namna hiyo.

Nimepiga magoti mbele ya meza,
nimeshusha jicho mpaka usawa wa mstari,
pumzi nimeibana, kama ninavyotunga uzi.
Anaeli amekwisha kuachama, anangoja.
"Mama," anasema, "mbona unaitazama
kama sindano?"